Miaka ya Mzigo wa Malawi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, sisi watoto wa Ngonga, Kyela, tulizijua habari za vita vya Msumbiji kwa kutazama matairi. Redio ya nyumbani ilitiwa betri siku za mechi tu, na gazeti likitufikia lilikuwa limeshafungiwa sabuni dukani. Lakini malori yenye namba za Malawi yalipozidi kushuka kutoka Tukuyu kuelekea Kasumulu, springi zimelala kwa uzito, wazee walitikisa vichwa wakasema huko kusini bado hakujatulia.

Hawakukosea. Malawi haina bahari. Reli zake mbili za kwenda pwani, moja ya Beira na nyingine ya Nacala, zilipita ndani ya Msumbiji, na kufikia katikati ya muongo ule zote mbili zilikuwa zimekatika kwa vita vya waasi wa RENAMO na serikali. Mbolea, mafuta na mashine ambazo zamani zilifika Blantyre kwa treni sasa zilitafuta njia ya kuzunguka. Sehemu kubwa ilizungukia Afrika Kusini, safari ndefu na ya gharama. Sehemu nyingine ilikuja kwetu.

Njia yetu ilikuwa hivi. Meli inashusha Dar es Salaam. Treni ya TAZARA inabeba hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Mbeya mzigo unahamia kwenye lori, unapita Uyole, unapanda Uporoto, unashuka Tukuyu hadi joto la Kyela, unavuka daraja la mto Songwe pale Kasumulu, unaingia Karonga. Mwingine ulikwenda na barabara moja kwa moja. Mwingine ulipakiwa melini Chilumba, ukashushwa Chipoka upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, ukapanda treni tena. Wakubwa waliiita njia hiyo Ushoroba wa Kaskazini. Kwetu ulikuwa mzigo wa Malawi, basi.

Ngonga ni nchi tambarare. Upande wa mashariki safu ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa, na kaskazini ni milima ya Rungwe. Mvua yote inayonyesha huko juu hutushukia sisi. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka na tope hadi Nyasa, na mwezi wa nne huwezi kujua shamba la mpunga limeishia wapi na mto umeanzia wapi. Songwe ndio mkorofi kuliko yote. Ukifurika huhama mkondo, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, kuna watu walioamka wakakuta mashamba yao yamebaki ng'ambo. Katikati ya maji hayo watu wanalima mpunga ambao sokoni Dar es Salaam hauhitaji kupigiwa debe, wanatunza kakao chini ya migomba na miembe, wanakamua mawese, na jioni wanakula usipa.

Mama alikuwa mtu wa mpunga. Mjomba wangu, mdogo wake, alikuwa utingo. Kwake ndiko nilikojifunza kutazama gari kama mtu wa kazi anavyolitazama: turubai limefungwa vipi, tairi la ndani limeliwa upande gani, dereva ameshuka akinyoosha mgongo au amerukia chini. Tuliitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, kama ilivyo desturi. Siku moja nilimuuliza kama hachoki kutembea kutwa kucha. Alicheka. "Mjomba, kutembea hakuchoshi. Kinachochosha ni kusimama. Gari likitembea kila mtu anajua kazi yake. Likisimama ndipo utaona wenye karatasi, wenye njaa na wezi."

Ilikuja masika moja iliyomthibitishia maneno yake. Maji yalikuwa yameharibu njia huko mbele, na mpakani nako karatasi zilikuwa zinakwenda polepole. Magari yakarundikana. Yaliyochelewa yakaanza kutafuta pa kuegesha kila palipokuwa na ardhi ngumu: penye uwanja wa kanisa, penye ghala, mbele ya nyumba za watu. Hakuna mkutano wa kijiji ulioitishwa. Hakuna aliyechora ramani. Lakini kabla wiki haijaisha vijiji vya kandokando ya barabara vilikuwa vimegeuka kituo cha mizigo.

Nakumbuka mambo yalivyojipanga yenyewe. Kwanza lilikuja suala la maji. Madereva walitaka ya kunywa, ya kuoga na ya rejeta, na vijana wenye baiskeli wakaanza kuuza kwa dumu. Kisha chakula. Mama alitoa sufuria lililokuwa la misiba na harusi, akaweka mafiga kando ya njia, akapika wali, maharage na samaki. Madereva wa Karonga aliwasikia wanavyosema; Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu, hivyo alipunguza na kupandisha bei kwa lugha ya nyumbani, na wao wakamlipa na "ndaga fijo" juu yake. Wa Blantyre walizungumza Kichewa, na hao aliwahesabia kwa vidole. Kisha ulinzi. Vijana wawili wawili walilala chini ya matela na marungu yao, na asubuhi dereva alipapasa turubai lake pembe zote nne kabla hajawalipa.

Mabaya yalijipanga pia. Hapakuwa na vyoo, na baada ya siku chache mtu hakupita nyuma ya migomba pasipo kuziba pua. Watoto wakaanza kuharisha. Dizeli ilichuruzika mtaroni na kuingia vijaruba vya mpunga, ikaelea juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua. Jirani yetu alikuwa ameanika kakao kwenye mikeka hatua chache kutoka kwenye ekzosi za magari yaliyokuwa yakiwashwa kila asubuhi ili betri zisife. Kakao ni zao linalovuta harufu. Mnunuzi alipokuja alichota kiganjani, akakata punje moja kwa kisu, akainusa, akairudisha. Hakusema neno. Aliifunga mizani yake akaenda nyumba ya pili. Jirani alibaki amesimama juu ya mikeka yake, na waliokuwa wamepata pesa ya wali na maji wakawa wanamkwepa macho.

Maji yalipopungua magari yaliondoka kwa siku mbili tu. Kituo kikafa. Yakabaki mafiga, matope yaliyotiwa mistari ya matairi, na ada yangu ya shule, ambayo mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Shangazi yangu aliolewa Matema, na likizo nilipelekwa kwake. Jumamosi kulikuwa na soko la Lyulilo, ufukweni, chini kabisa ya mlima. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe walileta vyungu kwa mitumbwi, maana mlima umeingia ziwani na gari halikuwa na pa kupita. Nilikaa mchangani nikawatazama wanavyoshusha. Mmoja alisimama majini hadi magotini, akapokea chungu kwa mikono miwili, akampa wa pili aliyekuwa nchi kavu, huyo akakiweka juu ya nyasi kavu zilizotandazwa mapema. Hakuna aliyekiachia kabla mwenzake hajasema neno. Kilichokuwa kimetiwa chungu kingine ndani kilijazwa nyasi katikati. Baadaye vilipakiwa garini kwenda Kyela na Mbeya, na palepale, mtu wa gari alipovishika kwa haraka zake, ndipo niliposikia mlio wa kupasuka. Yule mama mwenye vyungu aliniambia maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote kazini: "Mwanangu, ziwa halijanivunjia chungu. Mawimbi yote haya hayajanivunjia. Vinavunjika mikononi, mtu akimpa mtu."

Miaka ya 1990 ilipoanza nilipata kazi ya ukarani Mbeya, kwenye uwanja mmoja wa mizigo karibu na reli. Nilikuwa ninahesabu magunia. Nilifika nikidhani nimekwenda kuona kitu kikubwa kilichopangwa na wataalamu, tofauti na vurugu za kijijini kwetu. TAZARA yenyewe ilinitia hofu: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, madaraja na mahandaki ambayo baba zetu walikwenda kuyajenga. Na Malawi ilikuwa imejenga vituo vyake vya kupokelea mizigo, kimoja Dar es Salaam na kingine hapohapo Mbeya, ili mzigo wake usigombanie nafasi na wa Zambia.

Haikunichukua muda kutambua kwamba kazi ilikuwa ileile ya Lyulilo, ila kwa tani. Behewa linasukumwa hadi kwenye njia ya pembeni. Mlango unafunguliwa. Makuli wanajipanga, wa ndani anamtwisha wa nje, wa nje anapita mbele ya makarani wawili, mmoja wa reli na mmoja wa mwenye mzigo, kila mmoja na karatasi yake. Kila baada ya magunia kumi unachora mstari wa kukata. Jioni mnalinganisha. Zikitofautiana, na mara nyingi zilitofautiana, hakuna anayekwenda nyumbani. Magunia yaliyochanika yalizolewa na wanawake wenye fagio na sindano za kushonea, na hesabu ya kilichozolewa ilikuwa na daftari lake. Mwaka 1992, ukame ulipoipiga kusini yote ya Afrika na mahindi ya msaada yakawa yanapita kwetu kwenda kwa wenye njaa, daftari lile liliangaliwa kuliko yote. Punje zilizodondoka chini ya behewa hazikulala.

Ugumu mkubwa wa kituo cha aina hiyo niliuelewa siku treni zilipochelewa kisha zikaja pamoja. Treni haina subira ya lori. Tuseme imeleta mabehewa 20, kila moja lina tani 40. Hizo ni tani 800, zimefika saa moja. Lori moja linachukua tani 30. Unahitaji malori karibu 27 yawe yamesimama hapo, yana mafuta, yana madereva waliolala, yana karatasi. Yakiwa pungufu, mabehewa yanageuka ghala, na reli inakudai kwa kila siku inayopita. Yakiwapo mengi na treni haijafika, barabara ya mjini inageuka maegesho. Kwa hiyo kiini cha kituo ni sakafu: mahali pa kuuweka mzigo uliotangulia umngoje mwenzake. Uwanja wetu ulipangwa kama kwamba treni na lori vitafika pamoja kila siku, na siku hiyo sikuwahi kuiona.

Kosa la pili lilikuwa la mji wenyewe kukua kwa namna yake, na lipo hadi leo kwa kila anayetaka kulitazama. Stesheni ya TAZARA iko upande wa magharibi, njia ya kwenda Tunduma. Barabara ya Malawi inachepuka Uyole, upande wa mashariki. Kwa mzigo wa Zambia stesheni iko mahali pake. Kwa mzigo wa Malawi, kila gunia lililoletwa na treni hadi magharibi ya mji lilipaswa kurudishwa mashariki kwa lori, kupitia Mafiati, Mwanjelwa na Soweto, katikati ya daladala, mikokoteni na watoto wa shule. Treni ilikuwa imeshaupitisha mzigo ule upande wa Uyole usiku. Sisi tukaurudisha mchana kwa dizeli. Reli ilipochorwa, mawazo yote yalikuwa Zambia na shaba yake. Hakuna aliyeota kwamba vita ya nchi ya tatu ingeifanya Mbeya kuwa mlango wa nchi ya nne.

Nilimuuliza mhandisi mmoja mzee kwa nini wasijenge njia ya kushushia huko Uyole. Alinipeleka nje, akanionyesha mlima wa Loleza, akanionyesha Uporoto upande wa pili, kisha akainamisha kiganja chake. "Kijana, lori unaweza kuliegesha mteremkoni ukaweka jiwe. Behewa, haliwekewi jiwe." Njia ya kushushia mizigo inataka ardhi ya bapa, na ndefu, ili treni yote iingie bila kukatwa vipande. Ikikatwa, vipande vinavyosubiri huziba makutano ya barabara. Tena inataka ardhi ya akiba pembeni, na ardhi ya akiba mjini ni kazi kuilinda: ukiiacha wazi miaka mitano utakuta mahindi, miaka kumi utakuta nyumba na kanisa. Bapa, refu, karibu na reli, karibu na barabara inayohusika, mbali na makazi lakini si mbali na wabebaji: ukiyaweka masharti hayo yote juu ya ramani ya Mbeya, panabaki sehemu chache sana.

Watu wa nchi hizi wamehangaika na jambo hili tangu zamani. Mwaka 1881 Mskoti James Stevenson alitoa fedha ijengwe barabara kutoka Karonga, ng'ambo ya Songwe, hadi Ziwa Tanganyika, iunganishe meli za maziwa mawili. Meli ndogo iitwayo Good News ilipitishwa njia hiyo vipande vipande, mabegani mwa watu, ikaunganishwa na kuelea Tanganyika mwaka 1885. Barabara yenyewe haikukamilika. Meli ilikuwepo, nia ilikuwepo. Kilichoshinda kilikuwa kipande cha katikati, pale ambapo mzigo unashuka majini na bado haujapata mgongo mwingine wa kuubeba.

Oktoba 1992 serikali ya Msumbiji na RENAMO walitia saini mkataba wa amani Roma. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Mjomba alikuwa amewaona wakimbizi kwa macho yake huko Malawi. Lakini miaka iliyofuata mabehewa ya Malawi yalianza kupungua. Njia za kusini zilikuwa fupi zaidi kwa Blantyre, na zilipofunguka mzigo ulizirudia. Uwanja wetu ukaota nyasi katikati ya mataruma. Makuli wakahamia Mwanjelwa kubeba viazi. Ilionekana wazi kwamba tuliishi kwa shida ya jirani, na hapakuwa na aliyejiuliza kituo kingebeba nini shida hiyo ikiisha.

Jibu lilikuwa linapita mbele yetu siku zote. Malori ya Malawi yaliyokuwa yakirudi Mbeya kuchukua mzigo yalipanda na tumbaku au chai, au yalipanda matupu. Yale matupu ndiyo aliyoyavizia mama. Alikaa barabarani na magunia yake ya mchele, akasimamisha, akapatana na dereva, akapanda juu na mzigo wake hadi Mbeya. Mchele wa Kyela ulifika mjini kwa hisani ya tela lililokosa kazi, na kakao vilevile, na ndizi, na mawese. Lakini kwenye uwanja nilikofanya kazi mchele haukuwa na mlango. Haukuwa na karatasi, haukuwa na wakala, ulikuja kwa magunia matatu matatu, wakati uwanja ulijua kuhesabu kuanzia behewa moja. Mama alishushwa nje ya lango, kwenye vumbi, akauza kwa madalali waliompimia kwa debe lililobonyezwa nje kwa nyundo. Mimi nilikuwa ndani ya lango hilohilo, na karatasi yangu, nikihesabu mbolea ya watu wengine.

Nayaandika haya kwa sababu mipango imerudi mezani. Kule ziwani, bandari ya Itungi inasongwa na mchanga wa mito, na ile ya Kiwira imechukua kazi zaidi. Mwaka 2017 ziliingia majini MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo za tani 1,000 kila moja, zilizojengwa hapohapo Itungi; mwaka 2021 ikafuata MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Kule juu, barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi inakusudiwa kuwapunguzia watu wa Mbeya adha ya malori, na Inyala, mashariki ya Uyole, imekuwa ikitajwa kama mahali pa bandari kavu. Nimefurahi kusikia jina hilo. Mzigo wa Malawi ukishushiwa Inyala utafika Uyole bila kumsumbua mtoto wa shule wa Mwanjelwa. Upande ni sahihi.

Ila upande ni nusu ya kazi. Mpangaji akinipa dakika zake nitamwomba achore vitu vinne kabla ya kuchora ofisi ya meneja. Achore sakafu ya kungojea, iwe na paa, kwa siku treni na lori zitakapopishana. Achore maegesho yenye vyoo, maji na mahali pa kulala madereva na matingo, kwa sababu wakikosa watalala mlangoni pa mtu. Achore mtaro wa kukusanya dizeli, usielekezwe shambani kwa yeyote. Na achore lango la magunia matatu, lenye mizani halali, ili mwenye mchele wa Ngonga aingie ndani kama mwenye kontena.

La mwisho ni gumu kuliko yote, na sitalificha. Kituo kizuri kinapunguza siku za kusimama, na mimi nilisomeshwa na siku za kusimama. Dereva akipita moja kwa moja hali wali wa mtu. Sipendekezi magari yakwame ili akina mama wauze; jirani yangu wa kakao angenishitaki, na ana haki. Lakini anayeondoa foleni anaondoa pia soko lililoota juu yake, na soko hilo lina majina ya watu. Kituo kiwatengee meza ndani ya uzio kabla uzio haujajengwa, kwa bei wanayoimudu. Wakisahauliwa kwenye mchoro watajipanga wenyewe nje, kandokando ya barabara, karibu na ekzosi, na jiji litawafukuza kila mwaka mpya wa fedha.

Mjomba amestaafu, yuko Ngonga na kakao yake. Nilipomweleza habari za Inyala aliuliza swali moja tu, kama pameshapatikana choo. Nilimwambia nitauliza, na nimeandika ombi la kuuliza hilo rasmi kwenye kikao cha wadau kitakapoitishwa.